SOMO LETU: JASHO LISILOKAUKA, NA SINDANO YAKE



Mara hii tunajifunza juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja, yaani jasho linalotoka kupita kiasi. Mmoja wenu asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni mtakuta maswali ya kujadili.

Makusudi ya somo:
1. Tuweze kutofautisha jasho la kawaida, jasho la maradhi, na jasho jingi ambalo mtu anaishi nalo tangu ujana.
2. Tuelewe sindano ya kuzuia jasho ni kitu gani, inafanyaje kazi na ina hatari gani.
3. Tujue la kumshauri mwenzetu kabla hajatumia pesa.

KISA CHA MWEKA HAZINA

Tuchukue mfano. Kikundi kimoja kina mweka hazina, kijana wa miaka 24 hivi. Ni mwaminifu, na hesabu anazijua vizuri. Shida yake ni viganja. Vinalowa kutwa, hata asubuhi ya baridi wakati ukungu umefunika milima. Siku ya mzunguko akihesabu pesa, noti zinashikana. Daftari la michango lina madoa na wino umesambaa. Mtu akimpa mkono, kwanza anajipangusa kwenye suruali. Watu wameanza kunong'ona: "Huyu mbona anatoka jasho akishika pesa zetu? Lazima kuna kitu anaficha."

Jioni moja anamwendea mwenyekiti nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti."

"Mama, nina shida. Naomba mkopo wa kikundi. Nimeambiwa Mombasa kuna sindano, ukichomwa mikono inakauka kabisa. Nimechoka kuitwa mwizi."

"Nani amekuita mwizi?"

"Hawajasema, mama. Lakini nawaona wakiniangalia mikono."

Mama mwenyekiti hana jibu. Hajawahi kusikia sindano ya jasho. Je, ipo kweli, au ni wale matapeli wa stendi? Mkopo atoe au asitoe? Tuliweke swali hili, tutalirudia.

1. JASHO LINATOKA WAPI?

Mwili wa mtu una vijitundu vya jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Vimejaa zaidi kwenye viganja, nyayo, makwapa na paji la uso. Kazi ya jasho ni kupoza mwili. Ukilima mchana, au ukitoka Wundanyi kwenye baridi ukashuka Voi kwenye joto, mwili unachemka, jasho linatoka, linakauka juu ya ngozi na kuondoka na joto. Hilo ni jasho jema. Dawa yake ni kunywa maji na kupumzika kivulini.

Vijitundu hivi havijiamulii. Ubongo unatuma habari kupitia mishipa ya fahamu. Mwisho wa mshipa inamwagwa kemikali iitwayo asetilikolini. Tuiite mjumbe. Mjumbe akifika mlangoni pa kijitundu, jasho linatoka. Akimaliza kazi, mwili unamwondoa na jasho linakoma. Shikeni habari ya mjumbe huyu, maana somo lote linamtegemea.

Hofu na wasiwasi pia humtuma mjumbe. Ndiyo maana mtu hutoka jasho mkononi akiitwa mbele za watu. Lakini kuna wengine ambao kwao mjumbe anatumwa mno bila sababu. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba karibu watu 3 katika kila 100 wana shida hii. Si uchafu, si laana, wala si dalili ya wizi. Mara nyingi iko katika ukoo: ukiuliza utasikia baba naye yuko hivyo, au shangazi.

2. TULIULIZE JASHO KABLA YA KULITIBU

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanakimbilia dawa kabla ya kujua chanzo. Jasho jingi ni la namna mbili.

Namna ya kwanza ni lile lisilo na ugonjwa nyuma yake. Dalili zake ni hizi:
- Lilianza utotoni au ujanani, mara nyingi kabla ya miaka 25.
- Liko pande zote mbili sawasawa: viganja vyote viwili, makwapa yote mawili, au nyayo zote mbili.
- Limeendelea zaidi ya miezi 6, na linakuja angalau mara moja kwa wiki.
- Mtu akilala usingizi, linakoma.

Hii ya mwisho ishikeni sana. Jasho la namna hii halilowanishi shuka usiku.

Namna ya pili ni jasho linaloletwa na kitu kingine. Hili humwagika mwili mzima, au upande mmoja tu, au usiku, au huanza ghafla kwa mtu mzima ambaye hakuwa nalo. Chanzo kinaweza kuwa:
- Kifua kikuu. Mtu anakohoa, anakonda, ana homa, na usiku analowa jasho. Aende hospitali mara moja akapimwe makohozi. Katika vituo vya serikali dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.
- Virusi vya UKIMWI, malaria na homa nyingine.
- Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda ingawa anakula.
- Sukari kushuka, hasa kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa na hakula.
- Kukoma hedhi kwa akina mama.
- Maumivu ya kifua pamoja na jasho jembamba la baridi. Hii inaweza kuwa shida ya moyo. Msingoje kesho.

Kwa hiyo mwenye jasho jipya asiulizie sindano. Aulizie vipimo. Kwetu juu aanzie zahanati au hospitali ya Wesu, na wa chini aende hospitali ya rufaa ya Moi, Voi.

3. HATARI YA SHAMBANI

Sisi wa vikundi vya mboga hatuwezi kulipita jambo hili. Tunapiga dawa nyanya na kabeji. Baadhi ya dawa za wadudu ni za jamii ya oganofosfeti. Dawa hizi zinamzuia mwili kumwondoa yule mjumbe wetu. Mjumbe anarundikana mlangoni na kugonga bila kukoma. Ndipo aliyepiga dawa anamwagika jasho, mate na machozi, anatapika, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini, misuli inarukaruka na kifua kinabana.

Mkimwona mwenzenu hivyo baada ya kupiga dawa, msiseme ni jua. Fanyeni haya:
- Mtoeni shambani, mvueni nguo zilizolowa dawa, mwosheni ngozi kwa maji mengi na sabuni. Anayemwosha avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi.
- Msimlazimishe kutapika, wala msimpe maziwa.
- Mpelekeni hospitali upesi, na chupa ya dawa au lebo yake mwende nayo.

Hospitalini huchomwa sindano ya atropini, ambayo inamfungia mjumbe mlango. Hiyo ni sindano ya kuokoa maisha. Siyo ile anayoitaka mweka hazina wetu. Sasa twende kwa ile yake.

4. SINDANO YA JASHO NI KITU GANI?

Ndiyo, ipo kweli. Wengi wanaijua kwa jina la Botox, ambalo ni jina la kibiashara la mojawapo. Jina la dawa yenyewe ni sumu ya botulinamu. Mmesikia sawa, ni sumu, tena kali sana. Hutengenezwa na kijidudu ambacho huota ndani ya chakula kilichofungiwa bila hewa na kuhifadhiwa vibaya.

Historia yake ni ndefu. Miaka ya 1820 daktari mmoja Mjerumani, Justinus Kerner, aliandika juu ya watu waliodhurika kwa kula soseji mbovu. Aliona wanalegea misuli, na pia mate na jasho vinakauka. Mwaka 1895 katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, watu waliugua baada ya kula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa, siku ya mazishi. Mtaalamu Emile van Ermengem akakichunguza chakula kile na kukigundua kijidudu. Hata hapa Kenya sumu hii imewahi kudhuru watu: mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza lilieleza juu ya watu wa nchini kwetu waliopatwa nayo baada ya kula mchwa.

Sumu hiyohiyo, ikisafishwa na kupimwa kwa kiasi kidogo mno, imekuwa dawa. Mwaka 1989 Marekani iliiruhusu kutibu makengeza na kope zinazojifunga zenyewe. Katika miaka ya 1990 madaktari wakaona kwamba mahali walipochoma sindano ngozi inakuwa kavu. Mwaka 2004 Marekani ikairuhusu kwa jasho kali la makwapa, kwa watu ambao dawa za kupaka zimewashinda.

Inafanyaje? Inamzuia mjumbe asitoke kwenye mshipa. Vijitundu vya jasho viko palepale, vizima, ila havipati habari. Tazameni basi: dawa ya wadudu inamzidisha mjumbe, na sindano hii inamzuia. Lakini sindano hii haitibu sumu ya shambani, msije mkachanganya.

5. INACHOMWAJE?

Kwanza daktari anatafuta mahali jasho linapotoka. Anapaka ayodini, inakauka, halafu ananyunyiza unga wa wanga. Palipo na jasho panakuwa peusi. Kisha anachoma sindano ndogondogo kwenye ngozi ya juu, kama 10 hadi 15 kwa kila kwapa. Mtu hurudi nyumbani siku ileile. Ukavu huanza kuonekana baada ya siku chache, na kufikia wiki mbili umekamilika.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pesa za kikundi zinaweza kupotea.

La kwanza, sindano hii haiponyi. Mishipa hujirekebisha na jasho hurudi. Kwa wengi huchukua kama miezi 4 hadi 7, wengine zaidi kidogo. Kwa hiyo mkiambiwa bei, zidisheni mara mbili ili mjue gharama ya mwaka mmoja. Halafu ongezeni nauli. Anayetaka kuishi na sindano hii miaka 5 atachomwa kama mara 10. Ni maelfu mengi ya shilingi. Mwenye bima aulize kwanza, kabla ya kusafiri, kama bima yake inalipa. Kumbukeni kwamba NHIF iliondolewa na mahali pake pakachukuliwa na SHA mwezi Oktoba 2024.

La pili, kiganja si kwapa. Ruhusa ile ya 2004 ilikuwa ya makwapa. Madaktari huchoma viganja pia, na jasho hupungua, lakini maumivu ni makali zaidi na mara nyingi mkono hutiwa ganzi kwanza. Tena dawa inaweza kuingia kwenye misuli midogo ya mkono na kulegeza vidole kwa wiki kadhaa. Kwa mtu wa ofisini ni usumbufu. Lakini kwa mama anayekamua ng'ombe, anayesuka vikapu vya katani, au kijana wa jembe na panga, wiki kadhaa bila nguvu za vidole ni hasara ya nyumba nzima. Mwambieni daktari kazi ya mtu ni nini kabla hajachoma.

La tatu, si kila mtu anachomwa. Mjamzito na anayenyonyesha hushauriwa wangoje. Mwenye ugonjwa unaolegeza misuli asichomwe mpaka daktari aupime vizuri. Anayetumia dawa nyingine ataje zote, kwa sababu baadhi ya antibayotiki, kama jentamaisini, huzidisha nguvu ya sumu hii. Baada ya sindano, mtu akishindwa kumeza, kuongea au kupumua vizuri, hata kama wiki zimepita, akimbizwe hospitali.

La nne, jihadharini na sindano za mitaani. Dawa hii huhifadhiwa kwenye baridi ya friji na kupimwa na mtu aliyesomea. Mwaka 2024 huko Marekani penyewe watu katika majimbo kadhaa waliugua baada ya kuchomwa dawa bandia au kuchomwa na watu wasio na idhini. Kama huko inatokea, kwetu je? Anayekuambia "njoo saluni nikuchome kwa bei nafuu", mkimbie.

6. YALIYO NAFUU YAANZE KWANZA

Daktari mzuri haanzi na sindano. Hupanda ngazi hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni dawa ya kupaka yenye aluminiamu kloraidi. Huziba midomo ya vijitundu vya jasho kwa muda. Watu wengi huipaka asubuhi wakati tayari wametoka jasho, na ndiyo sababu haiwafai. Ipake usiku wakati wa kulala, juu ya ngozi kavu kabisa, na asubuhi uoge. Ikikaa juu ya maji, au juu ya ngozi iliyonyolewa sasa hivi, inawasha. Ianzwe kila usiku, na jasho likipungua ipakwe mara moja au mbili kwa wiki. Ulizia duka la dawa lenye mfamasia.

Hatua ya pili, hasa kwa viganja na nyayo, ni tiba ya maji na umeme mdogo. Mikono huwekwa kwenye sinia za maji, na mashine maalumu hupitisha umeme hafifu kwa dakika 20 hivi, mara kadhaa kwa wiki. Husaidia watu wengi. Lakini vijana mafundi, tafadhali, msijaribu kuitengeneza nyumbani kwa waya za stima au betri ya gari. Mtu atakufa. Mjamzito au mwenye kifaa cha moyo mwilini asiitumie.

Kuna pia vidonge vinavyopunguza jasho mwili mzima. Hivi hukausha na mdomo, hufunga choo na huweza kuleta shida ya mkojo. Mtu anayefanya kazi juani, ngozi ikikosa jasho, anaweza kupatwa na joto kali mwilini. Vitolewe na daktari tu.

Mwisho wa ngazi ni upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu ndani ya kifua. Viganja hukauka, lakini wengi hupata jasho jipya mgongoni au tumboni, na kilichokatwa hakirudi. Si jambo la kukimbilia.

Madaktari wa ngozi wengi wako Nairobi na Mombasa. Tusisahau pia majirani zetu: Moshi, hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992, na kutoka Taveta si mbali. Ila mpite kwanza hospitali ya karibu, mchukue barua ya rufaa.

7. TURUDI KWA MWEKA HAZINA

Mama mwenyekiti sasa ana la kusema. Anamwita kijana.

"Mwanangu, usiku ukilala mikono inalowa?"

"Hapana mama, asubuhi naamka mikavu."

"Nyumbani kuna mwingine?"

"Baba alikuwa hivi. Na dada yangu mdogo."

"Unakohoa? Umekonda?"

"La, mama."

"Basi inaelekea ni lile jasho la ukoo, ila tusijipime wenyewe. Nenda hospitali wakuangalie. Kisha jaribu dawa ya kupaka usiku, mwezi mzima usiruke. Ikishindwa, daktari aseme hatua inayofuata na bei yake, ndipo tuzungumze mkopo. Na kuhusu maneno ya watu, hayo niachie mimi."

Katika mkutano uliofuata mama alisimama, kijana akiwa amekubali, akaeleza shida ile waziwazi. Kisha akaweka utaratibu: kuanzia siku hiyo pesa zihesabiwe na watu wawili mbele ya wote, kila mara, hata mweka hazina akiwa na mikono mikavu kama jiwe. Kijana naye huweka kitambaa kikavu mezani, na karatasi chini ya mkono anapoandika daftari. Mzee mmoja aliyekuwa akinong'ona alikuwa wa kwanza kumpa mkono.

Tukumbuke, ndugu zetu, uaminifu wa mtu unaonekana kwenye daftari na risiti. Hauonekani kwenye viganja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, tumewahi kumshuku au kumcheka mtu kwa sababu ya jasho? Tufanye nini ili kurekebisha?
2. Taja dalili mbili zinazoonyesha kwamba jasho linahitaji vipimo vya hospitali upesi.
3. Kwa nini mtu wa jembe afikirie mara mbili kabla ya kuchomwa sindano ya viganja?
4. Tukiambiwa sindano moja ni bei fulani, gharama ya miaka 3 ni kiasi gani pamoja na nauli? Fanyeni hesabu ubaoni.
5. Nani katika kikundi hupiga dawa shambani? Glavu, mabuti na sabuni viko wapi?

LA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja aende nyumbani aangalie chupa za dawa za wadudu, asome lebo na kuzihifadhi mbali na watoto na chakula. Mwenye kikohozi na jasho la usiku katika jamaa yake ampeleke kupimwa wiki hii hii. Na kama mko na mwenzenu ambaye huficha mikono mfukoni, mpeni mkono mkimsalimu, bila kujipangusa mbele yake.

Kwaherini hadi toleo lijalo.